Sakafu

Fomu ilitaka majina kumi. Sisi tulikuwa sita.
Tukamwandika mdogo wake Gervas, aliyeko Tabora,
na mama lishe wa geti la nyuma, kwa ridhaa yake.
(Aliuliza, "Kuna mchango?" Tukasema hakuna. "Basi niandikeni.")
Penye neno LENGO, Tumpale akajaza:
kukuza ubunifu wa kidijitali miongoni mwa vijana,
kwa mwandiko wa mtu ajuaye wakubwa hupenda nini.
Lengo lenyewe hatukuliandika.
Lengo lilikuwa mtoto mmoja wa Mbagala
akimbie kwenye kioo, akikwepa mpira wa soksi.

Mshauri wa wanafunzi akavua miwani.
"Michezo? Chuo kina timu ya pete, kina timu ya mpira."
"Ya kompyuta, mwalimu. Ya kutengeneza."
"Aa. Kamari."
"Siyo kamari."
"Wote husema hivyo." Akagonga muhuri hata hivyo,
labda kwa imani, labda kwa kuwa saa saba imegonga
na wali unapoa.

Chumba namba kumi na nne, jengo la uhasibu,
kila Alhamisi, saa kumi hadi magharibi.
Feni moja, inazunguka kama inayojaribu kukumbuka jina.
Kompyuta nne. Moja haina K,
kwa hiyo kila *kimbia*, kila *kwepa*, kila *kufa*
tuliiazima K kutoka neno jingine, tukaibandika.

Wiki ya tatu mtoto wetu akasimama.
Kichwa kikubwa, kaptula ya bluu, miguu peku.
Gervas akabonyeza. Mtoto akapiga hatua moja,
akazama.
Akaupita udongo kana kwamba udongo ni moshi,
akatoka chini ya kioo, akaendelea,
na namba pembeni ikahesabu kina chake:
mia tisa, elfu nne, elfu kumi na moja.
"Ardhi imechorwa," Tumpale akasema,
"ila haijaambiwa kuwa ni ardhi."
Mchoraji ni mimi. Nikajitia kutafuta chaja.

Hapo umeme ukakatika.
Joto likatukalia mabegani. Mtu akasema gizani,
"Bado anadondoka, yule."
Ndipo Mwajabu wa uhasibu, aliyekuja kufuata feni tu,
akatucheka. "Mtoto wenu anakimbia, basi?
Rede si kukimbia. Unajaza mchanga kwenye chupa
huku macho yako yako kwa wale wawili.
Anayekimbia tu hajazi kitu."
Akavua soksi. Akaomba na zetu.
Tukacheza koridoni kwa tochi za simu,
chupa ya maji ikijazwa vumbi la chaki,
Gervas akapigwa sikioni mara tatu, yeye na akili zake zote,
mpaka mlinzi akaja kuuliza nani amekufa.

Usiku, nyumbani, baba akauliza klabu inalipa ngapi.
"Bado," nikasema.
Akaitazama sebule yetu, kokoto na mchanga uliolowa,
mwaka wa sita tunangoja zege.
"Bado," akasema, "nalijua hilo neno.
Ndilo nililojengea nyumba hii."
Akacheka peke yake, akasogeza kiti kisiyumbe.

Alhamisi nikafika kabla ya feni kuwashwa.
Nikaandika mstari mmoja, mfupi, nikiazima K:
*hiki ni kigumu, kisipitike.*
Nikabonyeza.
Mtoto akatua kwa visigino viwili. Akabaki.
Sikupiga kelele. Nilikanyaga sakafu ya chumba,
mara moja, kwa nguvu, kuihakikisha na yenyewe.

Mwajabu akaingia, akasema, "Mrushie mpira."
Nikaurusha.
Ukampita kifuani, ukatokea mgongoni,
ukaenda zake.

"Haya," akasema, akivuta kiti,
"sasa mwambieni ana mwili."